Kushuka kwa Lifti

Binti yangu ndiye aliyeleta fomu. Aliiweka juu ya meza ya kulia, akaibana kwa kikombe changu, akasema, "Baba, mbio za milimani, kilomita hamsini. Twende wote. Tuanze pamoja, tumalize pamoja."

Mimi ni fundi wa lifti, nina miaka hamsini na minne, na kwenye jengo ninalolihudumia wananiita Mzee Ghorofa. Yeye ni muuguzi. Niseme ukweli mapema: uuguzi nilimchagulia mimi. Shule nilimchagulia mimi. Hata mchumba wake wa kwanza nilimkagua kama ninavyokagua kebo, nikasema hafai, na kijana wa watu akaenda zake. Mama yake alikuwa akiniuliza, "Hivi wewe, huyu mtoto ana kitufe hata kimoja cha kubonyeza mwenyewe?" Nilikuwa nacheka. Nilidhani ni utani.

Basi ile fomu ilikuwa kitu cha kwanza alichokichagua yeye, kisha akanikaribisha mimi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Mji wetu ni tambarare, na mlima wa karibu uko saa nne kwa basi, kwa hiyo tulifanyia mazoezi kwenye ngazi za jengo langu. Ghorofa kumi na nne. Kila siku baada ya kazi nilipanda na mkoba wa maji mgongoni, nikifika juu naingia kwenye lifti, nashuka nimeegemea ukuta, naanza tena. Mara kumi na mbili kwa siku, kwa miezi sita. Binti yangu alikuja kila Jumamosi, na yeye alishuka kwa miguu.

"Baba, shuka kwa ngazi na wewe. Mapaja lazima yajifunze kushuka."

"Kupanda ndiyo kazi, mama. Kushuka hata gunia la viazi linashuka."

"Linashuka, lakini likifika chini linapasuka."

"Wewe shuka. Mimi nalinda magoti yangu."

Na kusema kweli, fundi gani anaidharau lifti yake mwenyewe?

Siku ya mbio tulianza saa kumi na moja alfajiri. Mwisho ulikuwa saa kumi na mbili jioni, na katikati kulikuwa na vituo, kila kimoja na saa yake ya kufungwa. Ikipita hujaondoka kituoni, unatolewa. Mlima wa kwanza niliupanda kama kijana. Mara mbili nilisimama kumsubiri binti yangu, na kila mara nilimpa ushauri ambao hakuuomba: kula sasa, kunywa sasa, kaza hiyo kamba ya kiatu.

Kisha mteremko ukaanza. Ulikuwa mrefu, wa mawe, na haukuwa na huruma. Hatujafika hata nusu yake, mapaja yangu yakaanza kutetemeka. Mbele kidogo yakakataa kabisa, nikawa nashuka kinyumenyume, nimeshikilia vichaka, mtu mzima na mvi zangu. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, lakini hawakusema anashuka kwa lifti. Tena walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mdogo hawakumtaja, ila siku ile nilijua yanayompata. Binti yangu hakusema "si nilikwambia?" Alinipa fimbo zake mbili za kutembelea, akatangulia hatua tatu mbele yangu, akinionyesha pa kukanyaga.

Kituo cha tatu, kilomita ya thelathini na sita, kilikuwa kinafungwa saa nane na nusu. Tulifika saa nane na dakika kumi. Mbele kulikuwa na mlima mwingine, na mteremko mwingine. Kwa mwendo wangu tusingefika hata saa mbili usiku. Yeye peke yake angefika.

Alichukua chupa zetu, akaenda kwenye tangi la maji. Hapo ndipo nilipofungua pini nne kifuani, nikamkabidhi namba yangu ya mbio mama wa kituo mwenye orodha ya wakimbiaji.

"Una uhakika, mzee? Nikikata jina halirudi."

"Kata."

Binti yangu aliporudi alinitazama kifuani. "Namba yako iko wapi?"

"Nimeirudisha. Una dakika kumi na mbili, nenda. Usinijali mimi."

Nilitegemea machozi, labda anikumbatie. Aliweka chupa yangu mezani polepole, akachukua fimbo zake, akaondoka bila kugeuka. Nilimwambia yule mama, "Huyo ni mwanangu." Ndani ya gari lililonipeleka mwisho wa mbio nilijiona baba mwema kuliko wote waliokuwa mlimani.

Alifika zikiwa zimebaki dakika tisa. Mama yake, aliyekuja kutusubiri pale mwisho, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakamvika medali, akamkumbatia mama yake, kisha akaja kusimama mbele yangu. Nilikuwa nimeshafungua mikono.

"Baba, nilikuwa najaza chupa mbili."

"Najua, mama. Lakini ningekuchelewesha. Usingemaliza."

"Nilijua. Hesabu hiyo niliipiga tangu kwenye mteremko. Nilikuwa nakuja kukwambia tuendelee wote mpaka watutoe." Aliishika medali bila kuitazama. "Sikutaka hii. Nimekimbia kilomita kumi na nne peke yangu nalia. Hukuniuliza, baba."

"Lakini mimi nilitaka tu..." Nikaishia hapo. Niliisikia sentensi yangu mwenyewe, na ndani yake nikasikia shule, na uuguzi, na yule kijana wa watu aliyeenda zake. Iliniuma kuliko mapaja.

"Nisamehe," nikasema.

Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nilitaka kumwambia akae, avae sweta, anywe kitu cha moto. Maneno yote matatu yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliyameza, nikauliza, "Unataka nini sasa?"

Alinitazama mimi, akamtazama mama yake.

"Sijui," akasema, na machozi yakaanza tena kumtoka. "Baba, mimi hata sijui."

Nilisimama pale pale, nikamsubiri.