Uyoga wa Gogo Bovu

Haya niliambiwa na mjukuu wangu mwenyewe, Ijumaa iliyopita saa tisa alasiri, amejitupa kwenye kochi langu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Kazi yake ni ya maabara. Miezi mitano amehangaika na uyoga mgumu kama kwato, ule unaoozesha miti, alioukwangua kwenye gogo langu nyuma ya jiko. Huuloweka kwenye spiriti, akachuja maji yake, akayatia kwenye visahani vyenye seli, yaani vile vijisehemu vya mwili visivyoonekana kwa macho. Seli zikichokozwa hutoa kitu kinacholeta uvimbe na joto. Hizi zenye maji ya uyoga zilichokozwa, zikanyamaza.

Sasa mkubwa wake, mama mmoja wanayemwita Bi Hapana, asubuhi ile alitaka kuufuta uyoga huo kwenye orodha.

"Zimenyamaza kwa sababu umeziua, binti. Maiti hapandwi na homa."

"Zi hai, Daktari. Nipe saa nne tu."

"Na kama ni spiriti ndiyo iliyozinyamazisha?"

"Nimeitengea kisahani chake tangu jana."

"Loo! Kumbe ulikuja umejiandaa kunibishia."

"Nimelelewa na bibi yangu, Daktari."

Hapo nilicheka mpaka goti likaniuma.

Mjukuu wangu akatia rangi ya njano kwenye kila kisahani. Seli iliyo hai huigeuza zambarau, iliyokufa huiacha vile vile. Saa nne nzima hata chai hakunywa. Seli alizoziua makusudi zilibaki njano. Za spiriti tupu ziligeuka zambarau, ila zilipochokozwa zilikuwa zimetoa kile kitu cha uvimbe kama kawaida. Za uyoga, zambarau iliyokolea. Hai, na zimetulia tuli.

Bi Hapana aliinua kisahani kwenye mwanga, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Haya. Uyoga wa bibi yako unabaki."

"Asante, Daktari."

"Asante ya nini? Jumatatu unarudia yote."

Nikamuuliza mjukuu wangu, "Kwa hiyo nikachemshe lile gogo, goti langu lipone?"

"Bibi wewe! Usithubutu. Kisahani si mtu. Bado miaka mingi."

"Mimi subira ninayo. Goti ndilo halina."

Akacheka, akaanza kunieleza mipango ya Jumatatu, lakini katikati ya neno kichwa kikaangukia mto. Nikakitoa kiatu mkononi mwake, nikamvua na kile cha mguuni. Hakushtuka. Alikuwa keshalala fofofo.