Sindano Isiyosubiri Marahaba

Emiliana alikuwa na kitambaa kimoja tu cha kujaribia, na jamani, alishakiharibu.

Pale kwenye chumba cha kina mama washonaji, kijijini Mwankoko, Singida, mashine yao mpya ya mkono mrefu ilisimama juu ya reli zake kama ng'ombe aliyegoma kuingia josho. Mashine hii kitambaa hakisogezwi. Kinawambwa kwenye rola, halafu unashika vishikio unaisukuma mashine yenyewe. Na pembeni ulisubiri mfarishi wa Leah, blanketi la vipande vya vitenge vya marehemu mama yake. Keshokutwa ni send-off yake. Ukiuharibu ule, Singida nzima hupati mwingine!

"Hivi ni nini?" Mama mkubwa Cecilia, dada wa marehemu, alipitisha kidole kwenye jaribio. "Vinundu kama ngozi ya kenge! Mwanangu akalale juu ya kokoto?"

"Nitapatia, mama mkubwa."

"Lini? Mpe Editha ashone kwa mkono, yaishe."

Editha, fundi mwenzake, akajifanya anatafuta uzi.

Emiliana akaziangalia modi tatu za mashine, yaani namna zake za kushona. Ya kwanza, sindano inakimbia mwendo uleule, mikono yako ndiyo ijipange. Ya pili, mashine inakupimia urefu wa mshono, uende mbio au taratibu, ila ukisimama inaendelea kuchoma polepole. Ya tatu ni hivyohivyo, ila ukisimama, nayo inasimama. Yeye alitumia ya pili, maana video zote kwenye simu ziliisifia.

Akahesabu vinundu. Vinne. Asubuhi hiyo waliingia kina nani? Mzee Hezekia. Bibi Agripina. Mzee Mughwai. Halafu mama mkubwa mwenyewe. Wanne!

"Ni salamu!" akaruka. "Kila mkubwa akiingia nasimamisha mikono, natoa shikamoo, naulizwa nyumbani, naulizwa mbuzi, naulizwa mvua. Muda wote huo sindano inachoma palepale!"

"Basi usisalimie watu," Editha akadakia.

Mama mkubwa akamkata jicho. "Asisalimie? Amezaliwa porini?"

Emiliana akabonyeza modi ya tatu, akawamba mfarishi, akaanza kuchora maua ya alizeti. Petali zake zina ncha kali, kila ncha lazima utulie kidogo kabla ya kugeuza. Akatulia, sindano ikatulia. Akageuza, ikafuata.

Mlango ukalia. Bibi Agripina tena, kaja kuazima mkasi!

Mikono ikasimama. Sindano tuli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako mzima? Mbuzi je? Na yule mwenye kidonda?"

Akajibu yote, hadi kidonda, ndipo akaendelea.

Kesho yake mchana wakautoa kwenye rola. Mama mkubwa akaugeuza chini juu, kule dhambi za fundi zinakojificha, akapapasa petali moja moja. Kidole kikafika kwenye kitenge cha bluu, kile cha Krismasi cha mdogo wake. Kikasimama hapo.

Ghafla akajitanda mfarishi mabegani, akatoka nao barabarani na vigelegele, majirani wakachungulia.

"Mama mkubwa, pindo bado!" Emiliana akamkimbiza huku akicheka.

"Pindo utanifuata nalo! Leah! Leah weee, njoo umwone mama yako!"