Mchezo wa Shayiri

Saadiya hakuwa hodari wa kusema uongo, na hilo ndilo lililomponza siku aliyoamua kuusema mkubwa.

Kila Jumamosi baada ya alasiri watu wanne walikutana kwa Mwanaasha, Michenzani, ghorofa ya tatu, wakacheza. Hawakuwa wakipoteza wakati, au ndivyo walivyojidai. Waliagiza michezo ya mezani ya kila namna, ya karata, ya vibao, ya dadu, ingawa wao walicheza chini kwenye busati, na wakishaijua vyema mmoja wao, Sabri, aliwasha simu akatoa hukumu mtandaoni. Watu elfu mbili na ushei walimsikiliza. Siku nyengine Sabri ni fundi wa mafriji, lakini mbele ya simu aligeuka kadhi. Hukumu zake zilikuwa tatu tu: ubaki mezani, ukae kabatini, au arudishiwe mwenyewe. Hiyo ya tatu wasikilizaji waliipenda kuliko zote, kwa sababu akiitoa huwa hana huruma hata chembe.

Sasa Saadiya, mwalimu wa hesabu, alikuwa ametunga mchezo wake. Likizo mbili nzima alikata karatasi ngumu na kuzichora, na hakumwambia mtu. Alijua akisema ni wake, Mwanaasha atausifu mpaka mate yamkauke, na Hija, ambaye hapendi kumuudhi hata paka, atasema mashallah kabla hajashika karata. Yeye alitaka kweli. Alijiapiza kwamba Sabri akiutia kabatini ataurekebisha, lakini akisema urudishwe, ataufungia sandukuni na hatotunga tena.

Basi akawaambia umetoka Ujerumani, binamu yake kauleta. Na ili uongo ukae sawa alikuwa ameujaza mchezo mambo ya huko: karata za shayiri, za sufu, za kuni, na za theluji. Kila mchezaji ana nyumba, na lazima akusanye vya kumtosha kabla ya baridi. Asichokuwa nacho anamwomba mwenzake, na anayeombwa hawezi kunyima, ila ana haki ya kudai ahadi. Theluji yenyewe Saadiya hajapata kuiona ila ndani ya friji, na friji hilo katengeneza Sabri.

"Anaanza Hija," akasema huku anagawa, "halafu Mwanaasha, mkono wake wa kulia, tunazunguka hivyo hivyo."

Mwanzo ulikuwa baridi kweli. Watu waliokota karata, wakaweka karata, wakatafuna kachori. Kisha Hija akamwomba Mwanaasha kuni, na Mwanaasha akamuuliza iko wapi ile sufu aliyomuahidi.

"Nshakulipa," akasema Hija.

"Umenilipa lini? Hapa au ndotoni?"

Wakacheka wote, na moyo wa Saadiya ukaruka. Lakini Hija akapigwa na theluji mara mbili mfululizo, akakosa la kufanya, akaenda zake dirishani kupunga upepo mpaka zamu zipite. Mwanaasha akashinda, na wala hakujua ameshindaje.

Sabri hakuwasha simu. Aliilaza kifudifudi kwenye busati akaanza kusema.

"Shayiri haina kazi humu, ni jina tu. Theluji inamuangukia mtu, anakaa kama mgonjwa anayengoja kuitwa na daktari. Na ile sheria ya kumaliza ni ndefu, nimeisahau mara mbili. Mchezo huu una roho pahala pamoja tu, pale watu wanapoombana. Kwengine kote umekufa." Akapangusa vidole. "Aliyeutunga anaona haya. Kuna kitu anakijua vizuri, akakificha. Hukumu yangu, arudishiwe mwenyewe."

Akakifunga kisanduku, akakisukuma polepole mpaka kikagusa goti la Saadiya.

Saadiya akakipakata kisanduku. "Haya, binamu ntamwambia," akasema.

"Binamu yupi?" akauliza Sabri. "Mimi nshacheza michezo thelathini ya Wazungu, yote zamu inakwenda kushoto, na kila siku tunaikosea, maana sisi tangu utotoni, ikiwa keram, ikiwa karata, tunakwenda kulia. Wewe leo umetwambia kulia, na hata maelezo hukuyatazama."

Mwanaasha alijifunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanatikisika. "Mie nlijua alipokula kachori moja tu, yeye wa kumaliza sahani," akasema Hija.

Hapo Saadiya akakasirika, hasira ya kweli. "Kumbe ulijua wangu, na ukausema vile?"

"Ningekuwa sijui ningesema maneno mawili nikaenda zangu," akajibu Sabri. "Wale wenye michezo hawanisikii. Mwaka wa pili huu nawasema, hakuna aliyebadilisha hata karata moja. Leo ndo mara ya kwanza nakosoa mchezo na mwenyewe yupo nami busati moja. Hebu niache nifaidi."

Saadiya alijaribu kuishikilia hasira yake, ikamponyoka. Furaha iliyoingia badala yake ilimtia aibu, akainama kama anatafuta kitu.

"Hiyo shayiri," Mwanaasha akamuuliza, "ilikuwa nini kabla hujaifanya shayiri?"

"Mchele."

"Na sufu?"

"Masinia. Kuni ni kuni. Ni siku moja kabla ya arusi. Mtaa mmoja una arusi nne, na vyombo havitoshi."

"Theluji?"

"Mvua."

"Ah, mvua naijua," akasema Hija, keshakaa sawa. "Naazima turubali kwa Mwanaasha."

"Kwa ahadi gani?"

"Watoto wangu watakuoshea masufuria."

"Watoto wako nawajua. Ongeza."

Saadiya alikwishachukua kalamu. Alifuta, akaandika turubali, akafuta sheria ya kumaliza yote, akaweka mstari mmoja. Wakacheza tena, na tena, wakigombana kwa furaha juu ya masinia yasiyokuwepo, na Sabri akashindwa mara zote mbili kwa sababu ya ahadi zake mwenyewe.

Karibu na magharibi aliiokota simu, akaiwasha. "Leo tuna mchezo ambao bado haujamalizika kutungwa," akasema. "Hukumu sitoi. Nauliza tu, ni wa nani?"

Akamgeuzia Saadiya.

"Wangu," akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka jirani wa ghorofa ya pili akaita kuuliza kuna nini huko juu.