Fungu la Mawe

Krrr, tap.

Nilidhani nyenje ameingia ndani. Mchana ule tulikuwa tumefunga madirisha yote ya mbao kwa sababu ya joto, chumba kilikuwa giza, nami nilikuwa nimejilaza ubavu nikimpepea Ilgın, binti yangu wa miaka mitatu. Usingizi ulikuwa ndio kwanza umemchukua. Krrr, tap. Si nyenje. Ilikuwa futi ya chuma ikijirudisha kwenye kibweta chake, na sauti ilitoka jikoni kwetu.

Nilitoka pekupeku. Jikoni palikuwa na mwanamke wa mjini, miwani ya jua kichwani, amekandamiza ncha ya futi kwenye ukuta wa chumba cha mama yangu. Mumewe alikuwa ameshika upande wa pili.

"Ukuta huu ukitoka," alimwambia mumewe, "bahari utaiona ukiwa unaosha vyombo." Aliponiona akatabasamu. "Ah, samahani dada. Hatukujua wapangaji bado wamo."

Wapangaji! Mimi niliyezaliwa nyuma ya ukuta huo huo!

Mlangoni alisimama Mjomba Rıfkı, kaka mkubwa wa mama, ufunguo wa gari ukizunguka kidoleni.

"Usiwakodolee macho wageni, mpwa wangu. Bibi huyu, Pelin Hanım, na mumewe wametoka Istanbul. Wanatafuta nyumba ya mapumziko."

"Wanaitafutia jikoni kwetu?"

"Wanaangalia tu. Kuangalia kunakata?"

Nilimpita nikatoka. Nje, kwenye kizingiti, mama alikuwa ameketi na kitambaa chake kizuri kichwani, tayari amevaa viatu vya kwendea mjini.

"Unakwenda wapi na jua hili, mama?"

"Kwa wakili, na mjomba wako. Kuna karatasi ya mita ya maji, anataka niitie sahihi."

Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtoto anayepelekwa kununuliwa peremende. Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka.

Huku kwetu mababu waligawa ardhi kwa namna moja tu. Wavulana walipewa udongo wa juu, wenye visima na michungwa. Mabinti walipewa ufuo, yaani mawe na chumvi, mahali ambapo hata mbuzi alifika kwa kukosea njia. Mama alipoolewa alichekwa, eti amepewa shamba la kulisha samaki. Yeye na marehemu baba wakayabeba mawe hayo hayo, wakajenga vyumba viwili. Kiangazi kimoja, mimi nikiwa mchanga, mama alipanda kwa mjomba kuomba ndoo ya maji ya kisima. Akajibiwa kwamba kila mtu ana fungu lake, na akashuka na ndoo tupu. Ndoo tupu, na mimi mgongoni! Lakini sasa watu wa Istanbul wanataka kufumbua macho asubuhi waone maji ya bluu, basi ghafla mawe yetu yamekuwa ardhi ya ukoo.

"Naomba niione hiyo karatasi, mjomba."

"Ya nini? Wakili anafunga saa tisa."

"Dakika mbili tu."

"Eti dakika mbili!" Akawageukia wageni akicheka. "Huyu ndiye msomi wetu wa jioni. Amesoma usiku, sasa mchana haoni vizuri."

"Naona vizuri sana, mjomba. Naona jina la mama yangu limetokeza mfukoni mwako."

Nikaichomoa. Ndiyo, niliichomoa mwenyewe, kwenye mfuko wa shati la mtu mzima, na sijutii. Majira mawili ya baridi nilikwenda darasani jioni, nikimnyonyesha Ilgın chini ya shali kwenye kiti cha nyuma, na mwalimu alitufundisha jambo moja nililolishika: ukipewa karatasi ya serikali, tafuta kwanza nani anampa nani nini. Nikasoma kwa sauti, polepole, ili mama asipoteze hata neno.

"'Mimi, Döndü, nampa kaka yangu Rıfkı mamlaka ya kuuza kiwanja changu cha ufukweni pamoja na nyumba iliyomo, kwa bei atakayoona inafaa, na kupokea fedha yote kwa niaba yangu.' Haya, mjomba. Nionyeshe, mita iko mstari wa ngapi?"

Pelin Hanım aliitoa miwani kichwani. "Rıfkı Bey, si ulituambia kiwanja ni chako?"

"Ni cha baba yangu! Baba yangu si ndiye baba yake huyu? Mwanamke ana kiwanja gani bila kaka yake?"

"Basi tuzungumze na mama mwenyewe," mumewe akadakia. "Mama, sisi hatuna ubaya. Bei yetu ni nzuri."

Hata huyu! Futi bado i mkononi.

Wote wakamtazama mama. Kwetu mdogo hamkatalii kaka yake mkubwa mbele ya wageni. Hilo nalijua, nimelelewa nalo, na siku ile nililichukia. Nilitaka kumtikisa mabega. Sema, mama. Neno moja tu, mama, miaka yote hii.

Hakusema. Aliinama, akafungua kifungo cha kiatu cha kushoto, akakivua. Kisha cha kulia.

"Döndü," mjomba aliita, sauti imeshuka. "Usiniaibishe. Vaa viatu, gari linaungua juani."

Mama alivipanga viatu vyake ubavuni, kimoja kando ya kingine, akavifuta vumbi kwa kiganja.

"Nazungumza na wewe! Kama hutaki, fungua mdomo useme! Sema mbele ya watu hawa kwamba kaka yako ni mwongo!"

Kelele zilimwamsha Ilgın. Alitoka na alama za mto shavuni, akajipenyeza mapajani mwa mama yangu, akavitazama viatu, kisha akamwinulia mjomba macho.

"Bibi hataki kwenda," alisema.