Swali la Sufuria

Hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeuanzisha utaratibu ule pale kijijini Hollebrug, lakini watu waliushika kuliko sheria nyingi za serikali. Mara moja kwa mwaka, Jumapili moja ya Septemba, wakati kome wa baharini, wale wa maganda meusi, wamenona, mashabiki wa Lowie Craeynest walikula pamoja katika ukumbi ulio nyuma ya baa ya Godelieve, na mhudumu wao alikuwa Lowie mwenyewe. Kijana ambaye majira yote ya mashindano walimwona kwenye televisheni akinyonga baiskeli, siku hiyo alijifunga aproni, akaingia jikoni na kutoka na sufuria ya kome inayofuka mvuke, moja kwa kila mlaji. Kabla ya kuipokea, mlaji alikuwa na haki ya kumuuliza swali moja. Mpaka muulizaji atamke kwamba ameridhika, Lowie hakuruhusiwa kuitua sufuria mezani, hata kama mikono inamuungua.

Miaka ya neema maswali yalikuwa ya utani mtupu. Utaoa lini? Yule Mholanzi ulimwachia nafasi kwenye kona kwa sababu gani, ni shemeji yako? Kweli miguu unanyolea wembe wa mama yako?

Kisha Lowie akakutwa na dawa ya kuongeza nguvu katika damu. Alikiri, akafungiwa miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili hakuna aliyepika kome. Bendera ya chama cha mashabiki ilikunjwa ikatiwa kabatini. Basi la mashabiki, ambalo zamani watu waligombea viti, halikuondoka tena. Wengine walihamia kwa Tibo Maesen, kijana mwendesha baiskeli wa Wijnkapel, kijiji cha ng'ambo ya mfereji. Wengine waliacha kabisa kutazama baiskeli, wakasema wanatazama mchezo wa kurusha vishale, kwa sababu kurusha kishale hakuhitaji dawa katika damu.

Firmin Daelmans hakuhamia popote. Alikaa nyumbani tu.

Alikuwa mzee mjane, fundi mstaafu wa kutandaza mawe ya barabara, na katika chama kile hakuna aliyempenda Lowie kumzidi. Ila hasira yake haikuhusu ile dawa iliyotangazwa. Hiyo ilimuuma, akalia, akamwombea kijana, yakaisha. Kilichomnyima usingizi ni kitu kingine, na hakuwahi kumwambia mtu ila Mungu.

Mwaka mmoja kabla ya Lowie kukamatwa kulikuwa na Mbio za Kinu, mashindano makubwa ya baiskeli. Firmin alisimama na mkewe Alma juu ya kilima, mvua ikinyesha kwa ubavu, upepo ukaugeuza mwavuli wao ndani nje. Kiatu cha Alma kilinaswa na tope. Alma alicheka akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na kabla hajakichomoa, Lowie akatokea peke yake, uso mweusi kwa matope, meno tu ndiyo meupe. Alma alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na Jumamosi yake padre alishindwa kuyasikia maungamo yake, akamwambia arudi wiki nyingine akiwa na koo. Lowie alishinda. Alma aliamini ni kwa sababu ya keki yake ya wali na maziwa, aliyompelekea Lowie jioni ya kuamkia mashindano. Kijiji kizima kiliamini hivyo, hata muuza mikate akaanza kuuza keki kama ile na kuiita kwa jina la Lowie.

Majani yalipoanza kupukutika, Alma aliugua. Kitandani walikuwa wakisimuliana siku ile moja tu, kila siku kana kwamba mwenzake hakuwepo. Alma akafa akiwa na siku hiyo moyoni.

Hukumu iligusa mwaka ule wa kukamatwa peke yake. Mbio za Kinu zilibaki kwenye jina la Lowie. Lakini Firmin alikuwa akijiuliza: na siku ile je? Akipiga magoti jioni na rozari yake, akifika fumbo la tatu, swali linaingia katikati ya Salamu Maria. Alihofia kujua, na alihofia kufa bila kujua.

Jumapili moja ya Septemba, adhabu ya Lowie ilipokwisha, watu wakitoka misani, Godelieve alimsubiri kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, na aliendesha baa kama mwalimu mkuu.

"Firmin, leo kuna kome."

"Nimesikia."

"Kusikia si kula. Lowie kamaliza adhabu yake. Kaniomba mwenyewe. Kaniambia, Mama Godelieve, hata wakija watu watatu, nitawahudumia hao watatu."

"Basi tafuta watatu."

"Nimeshapata zaidi. Nakutaka wewe."

Nyuma yao alikuja Urbain, muuza nyama, akiwa amevaa tai aliyoivaa misani na mazishini tu. "Mwache mzee, Godelieve," alisema. "Anaogopa maganda. Meno hana."

"Meno ninayo ya kukung'ata wewe," Firmin akajibu, na kabla hajajua, miguu ilikuwa imeshafuata njia ya kwenda baa.

Ukumbi haukujaa, lakini haukuwa mtupu. Harufu ya figili na vitunguu ilitoka jikoni, na chipsi zilikuwa tayari kwenye mabakuli. Godelieve aliinamisha kichwa, akaombea chakula kwa sauti kubwa, akamalizia kwa kuwaombea "wote waliopo na wale waliokimbilia Wijnkapel, Bwana uwarudishe." Watu walicheka katikati ya amina.

Lowie akatoka. Alikuwa amekonda, na aproni ilimzunguka karibu mara mbili. Sufuria ya kwanza aliipeleka kwa Urbain.

"Swali langu," Urbain akasema, akijiegemeza kitini. "Wote wanakunywa kitu, sivyo? Sema tu. Wewe ulikosea kukamatwa."

"Hapana," Lowie akasema. "Wako wasiotumia. Niliwajua. Nilikuwa nikiwapita kilimani, halafu nikifika chumbani siwezi kuvumilia kuziwaza sura zao."

Urbain alikuwa ametarajia jibu la kumchekesha. Alijikuna shingo. "Haya. Nimeridhika. Weka."

Katika meza iliyofuata alikaa Katrien, mama wa watoto wawili, dereva wa lori la maziwa. "Binti yangu alikuwa na picha yako juu ya kitanda," alisema. "Nikaishusha. Akaililia. Nikairudisha. Nikaishusha tena. Sasa ukuta una matundu kama jibini. Nimwambie nini?"

Mvuke ulikuwa ukimpanda Lowie usoni. "Mwambie nilidanganya. Kisha yeye ndiye aamue kuhusu picha."

"Ana miaka saba, Lowie."

"Wana akili, wenye miaka saba."

"Kuliko wewe, ndiyo," Katrien akasema, na ukumbi ukaangua kicheko, na Lowie naye akacheka, kwa mara ya kwanza. "Tua sufuria yako, nina njaa."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, meza kwa meza. Wengine waliuliza mambo mazito, wengine waliona haya wakauliza kuhusu hali ya hewa. Firmin alikaa pembeni karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja, akiomba kimoyomoyo. Bwana, sitaki kumhukumu. Nipe tu nguvu ya kusikia.

Sufuria yake ilikuwa ya mwisho. Lowie alisimama mbele yake, ameishika kwa vitambaa viwili, na Firmin akaona vidole vyake vimekuwa vyekundu.

"Mzee Firmin."

"Lowie."

Watu waliacha kutafuna. Kila mmoja alimjua Firmin, na walidhani watasikia swali la hasira.

"Mbio za Kinu," Firmin akasema polepole. "Siku ya mvua. Ulikuwa safi?"

Lowie alivikaza vile vitambaa viwili. Firmin alimtazama na kuelewa kitu ambacho labda wengine ukumbini walikielewa pia. Hakuna kipimo kilichobaki cha siku ile. Hakuna shahidi, hakuna hukumu. Kombe liko kabatini kwa mama yake Lowie. Neno moja dogo lingetosha, na mzee angelala vizuri, na kijana angebaki na ushindi wake mkubwa kuliko wote. Firmin mwenyewe, Mungu amsamehe, alikuwa akilitamani neno hilo dogo.

"Hapana," Lowie akasema. "Nilikuwa nimeshaanza. Tangu majira ya baridi yaliyotangulia." Aliishika sufuria vizuri zaidi. "Keki ya Mama Alma niliila yote. Lakini haikuwa keki."

 Godelieve aliweka mkono mdomoni.

Firmin alitazama nje dirishani, uani, ambako kreti za bia zilikuwa zimepangwa juu kwa juu. Alingoja siku ile ivunjike ndani yake. Aliitafuta kwa hofu, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama pochi imeibwa. Mvua ilikuwepo. Mwavuli ulikuwepo. Alma alikuwepo, kwa mguu mmoja, akicheka, na alikuwa ameanza kucheka kabla Lowie hajatokea. Hilo Firmin alikuwa amelisahau. Kicheko kilitangulia. Yule kijana alikuwa amepita tu mbele ya kicheko ambacho hakikuwa chake.

"Mungu wangu," alinong'ona, na ilikuwa sala kamili.

Kisha akamgeukia Lowie. "Ungeweza kunidanganya."

"Ningeweza."

"Nisingejua kamwe."

"Mimi ningejua. Nimechoka kujua vitu peke yangu, mzee."

"Mikono inakuuma?"

"Sana."

"Vizuri." Firmin akasogeza glasi yake kando kutoa nafasi. "Nimeridhika. Weka hiyo sufuria, wanapoa."

Lowie alipoitua, Firmin alimshika kiwiko, akamvuta akae kwenye kiti cha jirani, jambo ambalo utaratibu haukuruhusu, na Godelieve akajifanya haoni. Firmin alifungua kome wa kwanza, akala, kisha akatumia ganda lake tupu kama koleo kuwatoa wengine, kama walivyofanya wote pale tangu utoto. Walikuwa na chumvi kidogo, na walikuwa wazuri sana. Alimsukumia Lowie sufuria ili naye achukue.

"Nani alikuwa wa pili siku ile?" aliuliza akiwa na chakula kinywani.

"Tibo Maesen."

"Anajua?"

"Hapana. Wiki hii nawaandikia wakubwa wa mchezo waliondoe jina langu."

"Barua ni barua," Firmin akasema. "Lakini mtu ana mlango wa kubisha. Kesho twende."

"Twende? Wewe pia?"

"Kwani unadhani nimekaa ndani miaka miwili ili nikose kuiona hiyo sura yako ukimwambia?"

Asubuhi iliyofuata walipanda baiskeli. Firmin alipanda ile yake nzito ya chuma, yenye kikapu mbele, na Lowie alipanda ya mashindano iliyokuwa haijaguswa na vumbi. Kando ya mfereji upepo ulikuwa ukiwapiga usoni, na mashamba ya viazi yalikuwa yameshavunwa nusu.

"Kaa nyuma yangu, mzee," Lowie akasema. "Karibu kabisa na tairi. Zaidi. Usiogope."

Firmin alisogea. Ghafla upepo ukanyamaza. Maisha yake yote alikuwa amewatazama waendeshaji wakijificha hivyo nyuma ya wenzao, na hakuwahi kujua kwamba huku nyuma kuna utulivu kiasi hiki, kama kuingia kanisani kutoka sokoni. Mgongo wa Lowie ulikuwa mbele yake, ukifanya kazi polepole ili usimwache. Firmin alianza kusali rozari kwa kufuata mwendo wa pedali, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alivuka fumbo la tatu bila kitu kumkatiza.

"Unasema nini huko?" Lowie akauliza bila kugeuka.

"Nakusemea vizuri. Nyonga."

Tibo Maesen walimkuta uani kwao, ameinamia baiskeli yake na ndoo ya maji ya sabuni. Alisimama alipowaona, sponji likimdondoshea maji viatuni. Lowie hakuzungusha maneno. Alisema yote palepale, amesimama ameshika usukani, kwa maneno machache, na mwishoni akasema kombe lilikuwa la Tibo, na angelileta.

 Tibo alikuwa kijana mpole mwenye masikio makubwa.

"Baada ya siku ile nilitaka kuacha," alisema. "Nilikuwa sijawahi kuwa na miguu yenye nguvu kama ile. Nikakuona unaondoka kama nimefungwa kamba kwenye mti. Nikasema, basi, Tibo, kama hii ndiyo siku yako bora, rudi ukamsaidie baba na nguruwe." Akavuta pumzi. "Nilijidharau mimi, unaelewa? Mwaka mzima."

"Ninaelewa."

"Huelewi. Lakini umekuja."

Akalikamua sponji, akalitupa ndooni. Kisha akamtazama Firmin, kofia yake, kikapu chake, mashavu mekundu kwa upepo.

"Na wewe, mzee? Wewe ni nani?"

"Mimi ni shabiki wake," Firmin akasema.

"Bado?"

"Bado," Firmin akasema, akashangaa jinsi neno lilivyotoka kirahisi. "Lakini siku ile ya Kinu, mwanangu, ulikimbiza vizuri sana. Nilikuwepo. Tope lilikuwa mpaka hapa."

Tibo alitaka kubaki amekasirika, ilionekana, na alikuwa na haki. Akafungua mlango wa jikoni kwa mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa na sabuni.

"Ingieni, basi," alisema. "Mama ameweka kahawa. Baiskeli zilazeni ndani ya banda, upepo utaziangusha."