Demo Zilizokwenda kwa Fundi Cherehani

Simu ilimkuta Besi na mswaki mdomoni. Mtayarishaji wake wa muziki, mtu asiyejua salamu, aliingia moja kwa moja.

"Mbona umeniachia nyimbo zilizokwisha? Hizi ninazo. Demo ziko wapi?"

Besi akatema povu. Flashi zilikuwa mbili, nyeusi zote, huwezi kuzitofautisha. Moja ilikuwa na demo, rekodi za majaribio ambazo hakuna sikio lililowahi kuzisikia ila lake mwenyewe. Nyingine, ya nyimbo safi, alikuwa amempa dada yake azipige kwenye kibanda chake cha kushonea wateja wasikie, na wenye kununa wanune. Sasa kama nyimbo safi ziko studio, basi demo ziko kwa nani?

"Mungu wangu, nimekwisha!" alisema Besi.

Kwa mtu mwingine hili lisingekuwa jambo la kupigia kelele. Lakini sikilizeni huyu bibi anavyofanya kazi. Besi huimba soul, ile ya kulia na moyo, juu ya ngoma na vinanda vya kompyuta, na vyote huvitengeneza chumbani kwake, katika nyumba ya dada yake. Hilo jina la Besi alipewa na majirani kwa mdundo mzito wa spika yake unaotikisa kuta zao, na hawakumpa kwa kumsifu. Kwake yeye tuni hutangulia, maneno hufuata. Na tuni isiyo na maneno humponyoka, kwa hiyo huijaza na chochote kilichopo, akarekodi upesi, kisha baadaye akafuta na kutia maneno ya heshima. Wenzake hujaza na la la la. Besi, lo, hujaza na yaliyomkaa rohoni.

Kwa hiyo humo ndani ya demo mlikuwa na mambo. Jirani kaimbwa na madeko yake. Daktari wa meno kaimbwa na mikono yake mizito. Hao wangemsamehe. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja wa taratibu, mtamu kuliko yote aliyowahi kutunga, na maneno yake yalikuwa haya: *Dada nimechoka, dada nataka mlango wangu, cherehani yako yanitoboa kichwa, nyumba yako imenikaba koo.*

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Besi alikuwa bado anang'oka meno ya utoto, na dada mwenyewe alikuwa msichana tu. Akashona sare za shule za watoto wa watu ili huyu wa kwake avae. Kinanda cha kwanza cha Besi kilitoka kwenye vidole vile. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba nyumba yake imekukaba koo? Besi alikuwa amelimeza neno hilo miaka nenda rudi, likawa limemkaa kifuani kama kipande cha muhogo. Sasa leo limetapikwa kwenye spika, mbele ya wateja.

Akatoka mbio na ndala za rangi mbili, huku akiomba umeme ukatike. Umeme huu hukatika kila mtu anapouhitaji. Leo ulikuwa umewasha hata taa za barabarani, mchana kweupe!

Kwenye kona alisikia sauti yake mwenyewe. *Nyumba yako imenikaba kooo.* Na lile koo, jamani, alikuwa amelivuta mpaka juu kabisa.

Kibandani kulikuwa na wateja wawili waliosubiri nguo. Dada alikuwa ameketi penye cherehani, mguu juu ya pedeli, lakini hashoni. Wimbo ulipokwisha, mteja mmoja alijifuta macho.

"Sauti hii inamtoa nyoka pangoni," alisema. "Lakini huyo dada anayeimbwa, alimfanya nini mwenzake?"

"Atakuwa anajijua," dada alijibu. Akainuka, akazima spika, akawaomba radhi wateja, akamgeukia mdogo wake. "Twende nyumbani."

Njiani Besi alijaribu. "Dada, yale ni maneno ya kujazia tu, hata..."

"Nyamaza kwanza."

Dada hakupita sebuleni. Alikwenda hadi chumbani kwa Besi, akaruka nyaya, akasukuma maiki pembeni, akaketi kitandani.

"Niambie. Ulijazia, au ndivyo ilivyo?"

Hapo uongo ulikuwa umeshafunguliwa mlango, ni kuingia tu. Besi akautazama, akauacha. Alikuwa amechoka nao.

"Ndivyo ilivyo," alisema, na machozi yakaanza. "Nakupenda dada, unajua. Lakini nataka kwangu. Niliogopa utaona nimekutupa baada ya yote uliyonifanyia."

Dada akashusha pumzi, ndefu ajabu, akajilaza chali. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamvuka.

"Asante Mungu! Wewe mtoto, unajua mimi hulala na pamba masikioni? Tangu uliponunua hilo dude linalonguruma! Mstari mmoja unaurudia mpaka naota nao. Naamka naimba, na hata siupendi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nianzie wapi? Watu waseme nimemfukuza mtoto wa mama? Nilikuwa naomba useme wewe kwanza."

"Kwa hiyo ulitaka niondoke." Hilo lilimchoma Besi kidogo, asidanganye mtu.

"Nilitaka upate kwako, na mimi nilale. Nakupenda kama macho yangu, lakini kelele zako, hapana."

Basi Besi naye akacheka, kamasi na machozi pamoja. Kile kipande cha muhogo kikashuka, akafumba macho, akavuta hewa mpaka chini, na hakuikumbuka mara ya mwisho alipopumua hivyo ndani ya nyumba ile. Alipofungua macho, dada alikuwa ameshika futi ya kupimia, anapima ukuta wa dirishani.

"Unafanya nini?"

"Meza ya kukatia nguo itakaa hapa. Mwanga mzuri."

"Dada! Hata sijapata pa kuhamia!"

"Pa kuhamia papo. Kuna mzee mmoja mwalimu mstaafu, humshonea suruali. Ana chumba cha uani. Nimemuulizia tangu mwaka jana."

"Tangu mwaka jana!"

"Mtu mzuri, hana makuu. Sikio moja halisikii kabisa."

"Na la pili?"

"Hulilalia. Nimeuliza."

Besi alijaribu kununa akashindwa. Dada akamrushia ncha ya futi.

"Shika huko, usilegeze," alisema, na Besi akashika.