Kikombe cha Manjano

Katika duka lile la viungo hewa yenyewe ilikuwa na rangi. Asubuhi, jua lilipoingia kwa dirisha la ubavuni, vumbi la manjano kutoka chumba cha mashine lilielea kati ya rafu na dari, likizunguka polepole na kukataa kutua. Mtu akiingia kutoka barabarani alisimama kwanza mlangoni, akapepesa macho, akasahau kilichomleta. Wengine walikumbuka baada ya kupiga chafya.

Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, na mtaa mzima ulimwita Mama Dawa. Udaktari hakuwa nao. Shule aliiacha mapema na wala hakuijutia. Viungo alifundishwa na mama mmoja wa Kihindi aliyempangisha chumba enzi za usichana wake. Mama yule hakuweza kutia kiungo sufuriani bila kueleza kitakwenda kufanya nini tumboni. Alikwishahama siku nyingi, lakini maneno yake yalibaki kinywani mwa mpangaji wake, na kila aliyenunua kitu dukani alipewa na maelezo juu, bure, atake asitake.

"Hii bizari nyembamba, ichemshe uinywe ukishakula. Gesi yote kwaheri."

"Mimi tumbo langu halina gesi, Mama Dawa. Nataka ya mchuzi tu."

"Litakuwa nayo. Umri unakwenda, mwanangu."

Mwenye jino bovu alipewa karafuu na kuonyeshwa pa kuibana. Mjamzito aliyeshindwa hata kunusa chakula alipewa tangawizi, anayenyonyesha akapewa uwatu, mwenye mafua akapewa pilipili manga na kuambiwa akae mbali na kaunta. Iliki aliitia kwenye mfuko wa mteja bila kuombwa, na aliyetiliwa akajua kwamba harufu ya mdomo wake imevuka kaunta. Hakuna aliyekasirika. Wengi walirudi kusema wamepona, na wasiopona hawakurudi, kwa hiyo hesabu za Mama Dawa zilimwonyesha kwamba kila mtu hupona.

Nyuma ya duka, ng'ambo ya pazia la gunia, mumewe alikuwa akisaga. Alikuwa mrefu, mkimya, na mtaa ulimwita Dhahabu. Manjano aliyoyasaga miaka nenda miaka rudi yalikuwa yamemwingia mikononi, shingoni, kwenye nyusi na katika mikunjo ya masikio. Akioga, maji yalitoka ya njano na yeye akabaki wa njano. Shuka lao lilikuwa na umbo lake upande mmoja, na mkewe alishaacha kushindana nalo kwa sabuni. Jioni, alipolisogeza pazia na kutoka huku mwanga ukiwa nyuma yake, Mama Dawa alimwona kama mtu aliyechomoka kwenye usingizi wake mwenyewe. Moyo wake bado ulilegea, kwa umri ule, na haya hakuona.

Basi Dhahabu akaanza kujikuna. Alijikuna viganja, nyayo, mgongo, akajisugua kwenye fremu ya mlango bila kujua kwamba anatazamwa. Hamu ya chakula ikapungua. Mara kwa mara alishika ubavu wa kulia, akasimama kidogo, akaendelea na kazi.

"Ni uchovu tu," alisema.

"Uchovu haukuni mtu," mkewe alimjibu. "Hiyo ni damu inataka kusafishwa. Niachie mimi."

Akamtengenezea kikombe. Alichemsha maziwa kwa moto mdogo, akatia manjano, akatia pilipili manga kidogo ili manjano yafanye kazi vizuri mwilini, kama alivyofundishwa, na juu akadondosha kijiko cha samli kwa sababu ya upendo. Alikoroga hadi kikombe kikawa na rangi ya mume mwenyewe. Dhahabu alikipokea kwa mikono miwili, asubuhi na jioni, akanywa hadi tone la mwisho, akakirudisha.

"Asante, mke wangu. Naona nafuu."

Maneno hayo yalimtosha Mama Dawa kwa siku nzima.

Halafu mota ya mashine ikaungua. Ikabebwa kwenda kwa fundi, na fundi akafanya kama mafundi wafanyavyo: kila akiulizwa, ilikuwa kesho. Duka likanyamaza. Vumbi likatua juu ya mitungi, juu ya mizani, juu ya mabega ya wateja waliochelewa kuamua, na hewa ikawa nyeupe kwa mara ya kwanza tangu walipofungua. Siku zikachanganyika. Dhahabu, asiye na kazi, alikaa kwenye gunia la giligilani karibu na dirisha akisinzia, jua likimpanda kutoka magotini hadi usoni na kumwacha. Mama Dawa naye alipima viungo kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto amelala. Kulikuwa na raha fulani katika siku zile, na baadaye aliichukia raha ile kuliko kitu chochote.

Mchana mmoja duka lilikuwa na wateja wachache na fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa mtani wa Dhahabu na hakuwahi kumaliza nguo ya mtu kwa sababu ya mdomo wake.

"Shemeji," alimwambia Mama Dawa, "huyu mumeo vipi? Mashine imelala, yeye anazidi kung'aa! Leo hata macho umempaka?"

Watu walicheka. Mama Dawa alicheka kuwashinda wote. Bado akicheka, alichota pilipili manga na kumimina kwenye mfuko wa mteja, na mkono ukasimama hewani.

Manjano hayatii macho rangi. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote mtaani. Mara ngapi yalimrukia mumewe usoni, naye akamwagia maji huku akimkemea? Jicho huwa jekundu, hutoa machozi, kisha hurudi jeupe. Halijawahi kubaki la njano. Na tangu mota iondoke mume huyu ameoga na kuoga tena, na maji yanatoka bafuni safi. Aliyaona mwenyewe yakipita kwenye mfereji, akafurahi kwamba shuka litapona. Maji yalikuwa yanazidi kuwa safi na mtu anazidi kuwa wa njano.

Alizunguka kaunta. Alimshika Dhahabu mkono, akamvuta hadi mlangoni penye jua, akaivuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Tazama juu."

Mahali palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na rangi ya bidhaa iliyojaa rafu yake ya chini.

"Tangu lini?"

"Ni uchovu," Dhahabu alisema. Kisha, kwa kuwa hakujua kusema uongo akitazamwa kwa karibu vile, aliongeza, "Hata mkojo umekuwa mweusi. Nitengenezee kikombe, nitalala kidogo."

"Tunakwenda hospitali."

Dhahabu alimvuta karibu, akamnong'oneza ili wateja wasisikie. "Usifunge duka mbele ya watu. Watasemaje? Mume wa Mama Dawa mwenyewe anakimbizwa hospitali?"

Na Mama Dawa, tusimfiche, alisita. Aliwatazama wale wateja na mifuko yao, akaona jinsi habari itakavyotembea, jikoni hadi jikoni, akaona duka lake tupu na jina lake likichekwa. Alisita kwa muda wa pumzi moja, na pumzi ile ilimuuma hadi uzeeni. Kisha akawageukia.

"Nendeni nyumbani," alisema. "Mume wangu anaumwa, na mimi sijui anaumwa nini."

Neno "sijui" lilikuwa halijawahi kupita juu ya kaunta ile. Fundi cherehani alikwishatoka mbio kutafuta gari, futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni.

Hospitalini kila kitu kilikuwa cheupe na hakuna kilichonukia isipokuwa sabuni. Mama Dawa alitembea kwenye korido zile kama anayetembea ndani ya maziwa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, aliyembonyeza mgonjwa ubavuni mara moja tu na kuona alivyokunja uso.

"Mama, kuna dawa yoyote amekuwa akitumia?"

"Ipo, daktari. Ni mimi."

Akaeleza yote: maziwa, manjano, pilipili manga, samli, asubuhi na jioni. Alieleza akitazama sakafu, akingoja kuchekwa au kugombezwa. Daktari hakufanya lolote kati ya hayo. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Manjano si adui, mama. Hata mimi mchuzi wangu hauivi bila hayo, na yana faida zake. Lakini mzee ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na moja limeziba njia. Nyongo imekosa pa kupita, inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo rangi. Sasa mafuta yakiingia tumboni, ule mfuko hujikamua. Manjano mengi nayo huusukuma ujikamue. Ukijikamua juu ya jiwe, unajua mwenyewe."

"Nilikuwa namkamua," alisema Mama Dawa.

"Hukujua."

"Angekaa nyumbani?"

"Homa imeanza, na damu imeanza kuchafuka. Kesho asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Tuombe Mungu."

Asubuhi hiyo walimpitisha Dhahabu kitandani mbele ya mkewe, akatabasamu, milango ikafungwa. Mama Dawa alikaa kwenye benchi. Hakuwa na cha kupima, cha kufunga, wala cha kumwambia mtu. Usingizi ulimchukua akiwa amekaa wima, na usingizini alikuwa dukani. Hewa ilikuwa safi, mitungi yote mitupu. Pazia la gunia likasogea na mtu akatoka, lakini kwa kuwa mtu huyo hakuwa na rangi, hakuweza kumwona. Alisikia tu miguu ikipita karibu naye, ikielekea mlango wa barabarani. Alitaka kumwita na akagundua kwamba amekuwa akimwita Dhahabu miaka mingi mno, na jina lake la kweli halikumjia.

"Mama," muuguzi alimgusa bega. "Mama, amka. Ametoka salama."

Alilia kwa sauti kubwa hadi mlinzi wa getini akageuka. Jina la mumewe lilimrudia hapo hapo, na alilitaja mara nyingi.

Rangi ilimtoka Dhahabu polepole, siku kwa siku. Ilianza kuacha paji la uso, ikaacha shingo, na mwisho ikaacha macho. Chini yake kulikuwa na mtu wa kahawia wa kawaida kabisa, mwenye kovu dogo kidevuni ambalo mkewe alikuwa amelisahau. Mama Dawa alimtazama kwa aibu kama msichana aliyeletewa mchumba. Hakujua aweke wapi mikono yake.

Mchana mmoja, wodi ikiwa kimya na pazia la dirishani likipumua kwa upepo, Dhahabu alisema, "Kile kikombe."

"Kikombe gani?"

"Cha manjano. Kilikuwa kinaniuma."

"Lini?"

"Kila siku. Nikimaliza kunywa tu, hapa." Alionyesha ubavu kwa kidole. "Kama mtu ananisokota."

"Wewe si ulikuwa unasema unaona nafuu!"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

Alifikiri, kwa vile hakuwa mtu wa maneno. "Ulikuwa unaleta kwa furaha. Halafu mtaa mzima unakuamini. Niwe mimi, mumeo, wa kwanza kukukataa?"

Hasira ilimpanda Mama Dawa kutoka kwenye visigino. "Ungekufa! Ungenifia hivi hivi, kwa adabu!"

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Mpumbavu mkubwa wewe! Unakunywa maumivu unashukuru! Na mimi nasimama pale nimefurahi kama mtoto!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kwa heshima. Mama Dawa alilia akiwa amemshika mumewe mkono, akaukung'uta mkono ule kana kwamba anataka kuung'oa, akaubusu, akaukung'uta tena. Alimpenda kupita kiasi na angeweza kumzaba kofi. Dhahabu alivumilia yote.

Alipotulia alijifuta uso na kufungua chupa aliyokuja nayo. Kwa amri ya daktari alikuwa amepika uji mweupe, bila maziwa, bila mafuta, bila punje moja ya kiungo chochote. Aliupika kwa mashaka akiwa peke yake jikoni, na mara mbili mkono ulikwenda wenyewe kwenye mtungi wa iliki akaurudisha. Alichota kijiko, akapuliza, akamtia mdomoni.

Dhahabu alimeza. Midomo yake ikafunguka, na Mama Dawa akayaona maneno yale yale ya siku zote yakija.

"Sema kweli," alisema. "Safari hii ukisema uongo namwaga."

Mume alimtazama mkewe.

"Uji wako ni mbaya, mke wangu," alisema. "Mbaya sana. Haunyweki."

Mama Dawa aliweka kijiko chini. Alisogea karibu zaidi, akainamisha sikio kwake.

"Sema tena," alisema.